Zawadi Isiyopanda Mizani

Paulin alikuwa hajawahi kuuona uso wa Sikitu. Aliijua sauti yake tu. Alijua namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo ambalo hana hakika nalo, na alijua kwamba akitaka kucheka huachia haraka kitufe cha redio, lakini mwanzo wa kicheko humponyoka kila mara. Macho yake je? Urefu wake? Anatembea polepole au ni mtu wa haraka? Mwaka mzima Paulin alikuwa akijiuliza, na asubuhi hiyo, akiwa amenyoa ndevu zilizokwisha kunyolewa jana, alijua kwamba kabla ya adhuhuri atapata jibu.

Kibanda cha uwanja wa ndege wa Rughenda kilikaa juu ya mgongo wa kilima, na chini yake Butembo ilikuwa bado imefunikwa na ukungu. Humo ndimo Paulin alimofanyia kazi yake ya kupanga safari. Alipima abiria na mizigo, alihesabu mafuta, aliuliza hali ya hewa ya huko mbele, kisha alimpa rubani karatasi ambayo bila hiyo ndege haikuruhusiwa kuruka. Pembeni ya meza ilikuwapo phonie, ile redio ambayo miaka ile ya uasi, njia zikiwa zimefungwa na simu hakuna, ndiyo ilikuwa mdomo na sikio la nchi yote.

Alibonyeza kitufe.

"Mavivi, Mavivi, hapa Rughenda. Kwako."

"Rughenda, nakusikia muzuri," Sikitu alijibu kutoka uwanja wa Mavivi, huko Beni. "Ulilala?"

"Kidogo. Na weye?"

"Kidogo." Kisha akarudi kwenye kazi kama mtu anayejifunga kitambaa upya. "Mawingu iko kule kwenye Ruwenzori, lakini iko mbali bado. Piste imekauka. Munakuya batu ngapi?"

"Batu saba, pamoja na rubani."

"Na weye uko ndani ya ile saba?"

"Niko ndani."

Pumzi ikavutwa. Kabla hajasema neno, sauti nyingine ikaingia, nene na yenye furaha. "Hapa Kayna. Na siye tumesikia. Muendelee tu, bachumba, tuko kimya."

Huyo alikuwa Phinées, mwendesha phonie wa Kayna. Hapakuwa na siri katika phonie. Alichosema mtu wa Butembo alikisikia wa Kayna, wa Kasugho, na padri yeyote aliyekuwa amewasha mashine yake akingoja habari za dawa. Mapenzi ya Paulin na Sikitu yalikuwa yamekua mbele ya masikio ya wilaya nzima ya Lubero, na pengine ndiyo maana yalikua kwa adabu.

Yalianza kwa swali. Siku moja, baada ya kupokea uzito wa ndege, Sikitu aliuliza: juu ya nini ndege ileile, ikitoka Mavivi inabeba mizigo mingi, na ikitoka Rughenda inabeba kidogo? Paulin hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Wafanyabiashara walikuwa wakimlalamikia tu. Akamweleza kwamba Butembo iko juu kuliko Beni, na huko juu hewa ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kushika. Jua likipanda linaipunguza tena. Halafu piste ya Rughenda, ile njia ya kurukia ndege, ni fupi, na mwisho wake ni mteremko wa mikaratusi. Ndege nzito ingefika kwenye mikaratusi kabla ya kujua kwamba inapaswa kuruka.

"Basi hewa yenu ni uji ya maji," Sikitu alisema.

"Na yenu ni uji ya kweli."

Kesho yake akaja na swali jingine. Mafuta ya akiba ni ya nini? Paulin akamweleza kuwa kila ndege, kabla ya kuondoka, lazima ijue uwanja wa pili itakakokimbilia ikiwa ule wa kwanza umefungwa na mvua. Kwa ndege ya Mavivi, uwanja wa pili ulikuwa Bunia, na mafuta ya kufika Bunia hayaguswi hata kama mbingu ni nyeupe. Sikitu akauliza kama mtu naye ana uwanja wa pili. Siku iliyofuata, baada ya kusoma uzito na idadi ya abiria, aliongeza: "Ile swali ya jana, nimetafuta. Miye niko na uwanja moja tu, ni Mavivi." Phinées wa Kayna akakohoa kwa muda mrefu.

Ilichukua miezi kabla Sikitu hajamwambia sababu ya maswali yake. Kaka yake mkubwa, Mashaka, alikuwa amekufa katika ndege iliyopakiwa kwa macho bila mizani, gunia juu ya gunia, mbali na hapo, katika mikono ya watu wengine. Baba yao, mzee Jumaine, mwenye malori ya Beni, aliapa kwamba hakuna binti yake atakayepewa mtu wa ndege. Sikitu akaenda kuomba kazi ya phonie pale Mavivi ili, kama alivyosema, awepo walau mtu mmoja wa kuuliza uzito.

Kwa hiyo mzee alipoletewa habari za Paulin alikuwa na sababu mbili za kukataa. Kijana ni mtu wa ndege, tena ni Mkatoliki wa Butembo, na wao ni Waislamu. Sikitu hakubishana naye. Alisema neno moja tu, kila mara lilelile: huyu anapima. Mwishowe mzee alitoa siku moja. Watu wa kijana waje, naye mwenyewe atakuwa uwanjani Mavivi, atamtazama akishuka, atamuuliza swali lake. Wasipofika siku hiyo, atawajibu wazazi wa Amisi, mtoto wa msafirishaji mwenzake, ambao walikuwa wamepiga hodi tangu kabla ya Ramadhani.

Siku yenyewe ilikuwa hii.

Jua lilikuwa limeanza kula ukungu wakati ndege ndogo ya propela moja ilipotua ikitoka Goma. Kapiteni Ananie akashuka, akanyoosha miguu, akaomba chai. Abiria wakapanga mstari mbele ya mizani, ile mizani ya chuma ya kupimia kahawa. Wa kwanza alikuwa mama Léa, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye alikuwa amejifunga vitenge vingi kimoja juu ya kingine hata akatembea kama mtungi.

"Mama Léa, umenona toka juma ile ingine," Paulin alisema.

"Ni neema ya Mungu, mwana wangu."

"Basi upande na neema yako yote."

Watu wakacheka, naye akapanda akiwa wa kwanza kucheka. Kwenye mizani nguo nazo zilikuwa na uzito, iwe zimevaliwa au zimefungwa. Paulin hakumkataza mtu kuvaa. Alichotaka kilikuwa kujua tu. Akawapima wote, akapima mabegi yao, akajipima na yeye, akaandika. Ilibaki nafasi ya shangazi yake na kikapu kidogo cha maharagwe walichokubaliana.

Shangazi Emérence alitokea kwenye kona ya barabara akiwa ameinama, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, na mgongoni kikapu kikubwa kilichofunikwa kwa majani ya migomba na kufungwa kwa kamba zake pande zote. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Paulin, mzaliwa wa Kasugho. Ndiye aliyemlea, na ndiye ambaye siku hiyo angesema kwa kinywa cha ukoo. Paulin akakimbia, akauchukua mzigo mgongoni mwake, na uzito ukamjulisha kwamba hicho hakikuwa kile kikapu kidogo walichokubaliana.

"Shangazi, umeweka humu majiwe ya Kasugho?"

"Mukwe wako atafungua. Weye unabeba tu."

Lakini alikuwa na furaha ya kutosha kumnong'oneza. Ilikuwapo asali ya msitu kutoka Kasugho katika kibuyu, kwa sababu alikuwa ameuliza wake wa Waislamu wa Butembo, na wakamwambia kwamba kasiksi, ile pombe ya ndizi, hainyweki huko anakokwenda. Yalikuwapo maharagwe, unga wa mtama, na kitenge kipya cha mama wa binti. Nyama hakuweka, maana aliambiwa watauliza ni nani aliyechinja. Mwanamke huyu, ambaye miezi mitatu nyuma alilia akiuliza ni jina gani la Kiislamu watampa mtoto wa kaka yake kule, alikuwa amezunguka mji mzima akijifunza watu wengine wanakula nini.

Paulin akauweka mzigo chini karibu na mizani. Shangazi akapanda, akapimwa, akashuka. Kisha akaona mpwa wake akiinama kushika kamba.

"Ile hapana panda hapo," alisema.

"Shangazi, kila kitu inapanda."

"Ya kula ipande. Ya kuuza ipande. Ile ni ya kuomba mutoto ya batu." Hakupandisha sauti, lakini mstari wote ulimsikia. "Kwetu, zawadi ya kuomba binti hapana hesabiwa, hapana onjwa, hapana pimwa. Siku unaipima, unaambia baba yake: binti yako iko na kilo fulani. Mama yangu aliombwa hivyo. Miye niliombwa hivyo. Baba yako alibeba ya mama yako toka Kasugho kwa miguu, na hakuna mutu aliuliza kama ni nzito."

Paulin akasimama. Alijaribu kumweleza, kwa upole, mambo aliyokuwa akimweleza Sikitu mwaka mzima: hewa nyepesi, piste fupi, jua linalopanda na kupunguza kile ndege inachoweza kuinua. Kila dakika waliyobishana ilikuwa inakula kilo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu jingine.

"Nimesikia," alisema. "Basi andika kilo unayotaka. Karatasi hapana iko na macho."

"Na miye niko nayo, shangazi."

"Halafu funga."

Wachache wakacheka, si kwa ubaya. Kapiteni Ananie akaja na kikombe chake, akauzunguka mzigo, akausukuma kwa ncha ya kiatu. Aliukadiria kwa macho na kusema unaweza kuingia. Paulin alipotikisa kichwa, rubani akatoa wazo jingine: wapunguze mafuta. Beni ni hapo tu, chai yake isingepoa kabla ya kutua, ya nini kubeba mafuta ya Bunia?

Paulin akageukia kaskazini. Mawingu ambayo Sikitu aliyataja alfajiri hayakuwa tena mbali. Juu ya nguzo, mfuko wa upepo ulikuwa umelala kama soksi iliyoanikwa: hapakuwa na upepo wa kuisaidia ndege kupaa.

Ingekuwa rahisi. Aandike kilo ishirini, ndege iondoke, na pengine hakuna jambo lingetokea. Mara nyingi hakuna jambo linalotokea. Kwenye phonie Sikitu angeuliza uzito, yeye angemsomea ile karatasi, naye angeamini. Hilo ndilo lililomtia baridi: kwamba angeamini, na muda si mrefu yeye mwenyewe angekaa mbele yake, akimtazama machoni kwa mara ya kwanza, huku akijua kwamba kitu cha kwanza alichomletea kutoka kwao ni uongo.

Na kuuacha mzigo? Shangazi asingepanda bila mzigo. Kwenda kuomba binti mikono mitupu kungekuwa matusi, na yeye hakuwa mwanamke wa kutukana watu waliomkaribisha.

Akaangalia tena karatasi yake. Abiria wote walikuwa na viti walivyovilipia. Kiti kimoja tu kilikuwa cha bure, kiti cha mtumishi wa uwanja, na kanuni ilisema kwamba ndege ikijaa, kiti hicho ndicho kinachotolewa kwanza. Jina lililoandikwa hapo lilikuwa lake.

Akachukua kalamu, akalifuta.

"Kapiteni," alisema, "kikapu inaingia, pale kwenye kiti yangu, ifungwe na mukanda kama mutu. Nimeibeba kwa mugongo. Sijui uzito wake, lakini najua iko chini ya wangu, tena mbali sana. Kitu tusichojua kinachukua nafasi ya kitu tunachojua. Mafuta inabaki yote."

Ananie akamwaga masalio ya chai. "Na bwana arusi?"

"Anabaki."

Shangazi Emérence hakuelewa mara moja. Alipoelewa, mkono wake ulienda kwenye kamba ya mzigo, ukakaa pale. Paulin aliona kwamba alikuwa anakaribia kukubali mzigo upimwe, na kwamba angekubali kwa kumhurumia, kisha angefika Beni na zawadi yenye aibu ndani yake na kuikabidhi akiwa ameinamisha macho.

"Hapana, shangazi," alisema, akauondoa mkono ule taratibu. "Weye uko na sheria yako na miye niko na yangu. Zote mbili zitafika. Miye tu ndiye nitachelewa."

"Yule muzee anataka kukuona weye. Anataka kukuuliza swali."

"Najua."

"Na nitamuambia nini?"

"Ile tu umeona."

Shangazi akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, kama alivyomshika alipokuwa mtoto mwenye homa. "Weye ni baba yako mutupu," alisema, na haikujulikana kama anamsifu au anamlaumu. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akapanda ndege, akakaa karibu na kikapu chake, mkono mmoja juu yake.

Ndege ilikimbia, ikayaacha mawe mekundu ya piste ikiwa bado na nafasi mbele yake, ikapita juu ya mikaratusi kwa urahisi, ikageukia kaskazini. Paulin alibaki amesimama mpaka mlio wake ulipoisha. Shati lake jipya lilikuwa na vumbi mabegani, pale kamba ya kikapu ilipopita. Aliingia kibandani, akakaa, akabonyeza kitufe.

"Mavivi, hapa Rughenda. Ndege imeondoka. Batu ni sita, pamoja na rubani. Mafuta ni ya Mavivi, ya Bunia na ya kungoja. Kwako."

"Rughenda, asubuhi ulisema saba," sauti ya Sikitu ilisema. "Nani amebaki?"

Alijua kwamba Kayna wanasikiliza. Alijua Kasugho wanasikiliza. "Miye," alijibu.

Pumzi ikavutwa. Paulin akamweleza yote, kwa sentensi fupi kama mtu anayesoma hali ya hewa: kikapu, mila ya Kasugho, mizani, kiti cha mtumishi. Alipomaliza hakusema kwamba anasikitika. Aliogopa sauti isimsaliti mbele ya watu wote wale.

"Baba iko hapa," Sikitu alisema hatimaye, chini kabisa. "Alivaa kanzu ya Idi."

Kisha sauti yake ikabadilika. Alisema mvua imeshuka ghafla kutoka mlimani, piste haionekani tena, na mnara umemwambia Ananie asitue kwanza, azunguke kusini. Paulin akasimama bila kujua. Aliifikiria ile ndege ndogo ikizunguka juu ya msitu, mama Léa katika vitenge vyake, shangazi na mkono juu ya asali. Dirishani Butembo ilikuwa na jua kali, na watoto wa jirani walikuwa wakichunga mbuzi kando ya uwanja.

Phonie ikatoa mkwaruzo. Ikaja sauti ya mwanamume mzee, iliyokuwa karibu mno na mashine, kama ya mtu asiyezoea.

"Weye ndiye Paulin?"

"Ndiyo, muzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ile ndege iko na mafuta ya kungoja?"

"Iko nayo, muzee. Ya kungoja, na ikishindwa kungoja, ya kufika Bunia. Hapana mutu aliigusa."

"Walitaka kuigusa?"

"Ilisemwa. Haikufanywa."

Mvua ilisikika nyuma ya mzee, ikipiga bati. Aliposema tena, alisema polepole, kama mtu anayetoa kitu alichokibeba siku nyingi.

"Nilikuwa na swali yangu kwako. Nilitaka kuuliza ukiwa mbele yangu, nione macho. Nitauliza hivi. Ile muzigo ya shangazi yako, iko na kilo ngapi?"

Paulin alielewa kwamba hili, kwa sura ya mzigo wa leo, ndilo swali ambalo mzee Jumaine alikuwa amelitengeneza tangu siku ile walipomletea habari za Mashaka, na kwamba angeweza kutaja namba yoyote, na yoyote ingesikika vizuri.

"Sijui, muzee," alisema. "Ndiyo maana nimebaki."

Kitufe kiliachiwa, na phonie ikabaki na ule mvumo wake kama wa mto ulio mbali. Paulin akakaa tena, akakunja mikono juu ya meza. Aliwaza watu wa Amisi, wenye malori yao na majibu yao yaliyo tayari. Aliwaza uso ambao pengine hatauona kamwe. Ajabu ni kwamba bado alikuwa na hamu ileile ya asubuhi, ya kitoto kabisa: je, ni mrefu? Anapenda rangi gani?

Jua lilikuwa limefika katikati ya dirisha phonie ilipozungumza tena.

"Rughenda, Rughenda, hapa Mavivi. Ndege imekanyaga. Batu sita, bote bazima. Kwako."

"Aksanti," Paulin alisema.

Sikitu alikuwa amepoteza ile sauti ya kazi. Alisema haraka, akimeza maneno. Baba yake alitoka mvua ikiwa bado inanyesha. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, watu wa uwanja walitaka kushusha kikapu, naye akawakataza. Akainama yeye mwenyewe, mzee mwenye kanzu nyeupe, shangazi Emérence akamwonyesha namna ya kuweka kamba kwenye paji la uso, na akakibeba hivyo mpaka barazani, mbele ya mafundi na askari na wachuuzi wa ndizi, kofia yake ikiwa imeshikwa na shangazi.

"Alipokiweka chini," Sikitu alisema, "nikamuuliza: baba, ni nzito? Akasema: hiyo hapana ulizwa."

Paulin akacheka, na kicheko kilitoka pamoja na kitu kingine ambacho alikifuta kwa mkono wa shati.

"Sasa banakunywa chai," Sikitu aliendelea. "Shangazi yako anauliza juu ya nini sisi hatuweke tangawizi. Baba amesema, ndege ikirudi kwenu Alhamisi, ukuye nayo. Na amesema jambo ingine tena."

"Amesema nini?"

"Ukuye mikono mitupu. Safari hii bataona weye tu."

"Nitakuya," alisema Paulin, "kama kuna kiti."

"Kutakuwa kiti," ilisema sauti nene kutoka Kayna. "Kayna yote itabaki nyumbani Alhamisi."

Sikitu alicheka. Mara hii hakuachia kitufe. Kicheko kilikuja chote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na Paulin alikisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayejifunza uso kwa vidole.

"Sikitu," alisema kilipokwisha, "ninaomba hali ya hewa ya Mavivi. Kwako."

Kitufe kikabonyezwa na hakikuachiwa, na kupitia kipaza sauti chenye waya mrefu akasikia kiti kikisogezwa na hatua za haraka zikienda mlangoni. Hakuwa mtu wa polepole basi. Hilo sasa alilijua.

"Mvua imepita," Sikitu alijibu. "Piste iko na maji kidogo. Mbingu iko inafunguka. Miye nimesimama hapa mulangoni, nimejifunga kitambaa ya kijani, na ninaangalia upande wenu."